Ile Tatu ya Mwisho kwenye Alama za Kisamvu

Pale stendi ya Ruangwa kuna duka moja ambalo silipiti tena, nazunguka nyuma kwenye vibanda vya chipsi hata kama mvua inanyesha, kwa sababu mwenye duka akiniona tu ananyanyua vidole vitatu juu bila kusema neno na wateja wake wanakufa kwa kicheko, wakiwemo ambao siku hiyo hawakuwepo (hao ndio wanaocheka zaidi, maana wamesimuliwa na watu wanaojua kuongeza chumvi). Ningekuwa nimeiba kuku ingekuwa afadhali, mwizi wa kuku husahauliwa. Mimi nilileta tatu ambayo hakuna binadamu aliyeitoa, nikaileta mbele ya wilaya mbili, na bado nadaiwa maelezo yake.

Mimi ni mtu wa Nachingwea mjini, nina shahada ya kompyuta na tabia ya kulifikiria jambo mpaka linaharibika. Mwaka jana, baada ya mavuno, kamati ya vikundi vya akina mama iliandaa mashindano ya mapishi kati ya wilaya yetu na Ruangwa, na fainali ikawakutanisha Ruponda ya kwetu na Chunyu ya Ruangwa: ugali wa mtama na kisamvu kilichoungwa kwa korosho. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe kutoka kwa Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia huku na mifugo yake kutoka kanda ya ziwa, ambaye ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye ufuta wa watu na alikuwa anatafuta njia ya heshima ya kusema yaishe. Kwa hiyo lile dume halikuwa zawadi tu, lilikuwa na msamaha ndani yake, na kila mtu alitaka msamaha huo uishie kwenye sufuria za kwao.

Mtendaji wa kata, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, akanipigia simu. "Wewe ni msomi, huna upande," akasema, "njoo uwe jaji wa tatu."

Huna upande! Kiongozi wa kikundi cha Chunyu alikuwa Shangazi Somoe, dada wa marehemu baba yangu, ambaye nusu ya utoto wangu niliila kwenye sahani zake. Kiongozi wa kikundi cha Ruponda alikuwa Mama Zaituni, yaani mama yake Zaituni, na posa yangu ya kumwoa Zaituni ilikuwa imefika kwao na inasubiri jibu. Nikiwapa Ruponda alama nyingi, nimemsaliti aliyenilea. Nikiwapa Chunyu, posa inarudi na salamu. Nikiwapa sawa, ni mwoga, na nani anataka mkwe mwoga? Nikayageuza hayo kichwani mpaka simu ikapata moto sikioni, kisha nikajisikia nasema, "Mheshimiwa, mimi nitafaa zaidi kwenye mitambo. Nitatengeneza programu, majaji wataingiza alama, kompyuta itajumlisha na kutangaza mshindi ukutani. Hakutakuwa na lawama kwa mtu yeyote."

Mtendaji alifurahi sana, na mimi pia. Huo ndio uamuzi wangu mdogo. Yote yaliyofuata ni watoto wake.

Sasa lazima niwaeleze habari za nukta. Kwenye nusu fainali majaji walitoa namba nzima nzima, muuguzi wa zahanati akampa wifi yake saba na jirani wa wifi yake nane, na tangu siku hiyo wifi hamwitikii salamu. Kwa hiyo kwenye fainali majaji waliomba ruhusa ya kutumia nukta. Huku kwetu mtu anaweza kuvumilia kushindwa kwa nukta moja, anasema ni upepo, lakini kushindwa kwa alama nzima ni tusi la ukoo. Nikawaambia hakuna shida, kompyuta na nukta ni marafiki wa tangu zamani.

Programu yenyewe ilikuwa fupi. Jumlisha alama za majaji watatu kwa kila kikundi. Kama jumla hizo ni sawa, andika SARE. Kama si sawa, mwenye kubwa ndiye mshindi. Niliijaribu kwa nane na nane, ikasema SARE. Nikaijaribu kwa nane nukta tano na nane nukta tano, ikasema SARE. Nikaridhika, nikahamishia wasiwasi wangu mahali pengine, kwenye umeme kukatika, kwenye nyaya, kwenye vumbi la ghala, na hasa kwenye rangi ya kuweka nyuma ya maandishi, maana kijani nikaogopa itaonekana ya chama, bluu nikaogopa itaonekana ya chama kingine, na rangi ya chungwa niliipenda mpaka nilipokumbuka kanga za kikundi cha Ruponda. Nikabaki na nyeupe. Sikumbuki kama nimewahi kuipa hesabu yenyewe robo ya muda nilioipa ile nyeupe.

Siku ikafika. Walipikia nje, majaji wakaonjea ndani ya ghala la korosho lililokuwa tupu, watu wakajaa mpaka mlangoni, na pale mlangoni alisimama Mzee Masanja ameshika kamba ya dume lake, dume kubwa jeusi lililotuangalia kama linajua tunachogombania. Mimi nilikuwa mezani nyuma ya kompyuta, nimevaa shati la mikono mirefu, na shuka jeupe limetundikwa ukutani mbele ya watu wote. Mshereheshaji, kijana mmoja wa Ruangwa mwenye mdomo usiolala, akawa anasoma alama jinsi majaji walivyoziingiza.

Chunyu walipata nane nukta tano kwa muuguzi, nane nukta mbili kwa mpishi wa hoteli, na nane kamili kwa Mwalimu Chilumba, mwalimu mstaafu aliyechukua kile kiti changu cha jaji wa tatu. Ruponda walipata nane nukta nane kwa muuguzi, nane nukta nane tena kwa mpishi, na wanawake wa Ruponda wakaanza kupiga vigelegele. Halafu Mwalimu Chilumba, ambaye shamba lake linapakana na la Shangazi Somoe, akawapa Ruponda saba nukta moja, akaangalia dari.

Nikabonyeza. Ukutani pakatokea:

RUPONDA 24.7
CHUNYU 24.7
MSHINDI: RUPONDA

Vigelegele vikapanda, mama mmoja wa Ruponda akaenda moja kwa moja kushika kamba ya dume. Lakini upande wa Chunyu simu zilikuwa zimeshatoka mifukoni, watu wanajumlisha, na simu zote zikasema kitu kimoja, hata simu ndogo za tochi.

"Injinia," Mtendaji akasema kwenye kipaza sauti, kwa upole ambao sasa najua ulikuwa wa hatari, "hebu tuelimishe. Ishirini na nne nukta saba, na ishirini na nne nukta saba. Mkubwa nani?"

Hapa mtu mwenye akili angesema, samahani, kuna hitilafu, ni sare. Mimi sikusema hivyo kwa sababu nilikuwa nafikiri, na nilichokuwa nafikiri ni kwamba nikikiri hitilafu Mama Zaituni atajua kwamba mtu anayetaka kumchukua binti yake hawezi kujumlisha. Kwa hiyo nikasema, "Mheshimiwa, kompyuta inaona mbali kuliko sisi. Mimi nimeifupisha tu ionyeshe tarakimu moja baada ya nukta, isijaze ukuta."

"Basi usiifupishe," sauti ya Shangazi Somoe ikasema kutoka nyuma. "Tuna ukuta mzima."

Nikaondoa ufupisho. Nikabonyeza tena. Chunyu wakabaki na 24.7 yao, safi, kama ilivyozaliwa. Ruponda wakawa na 24.700000000000003.

Nilisikia dume likitafuna.

"Ile tatu," mshereheshaji akasema taratibu, "imetoka wapi?"

Watu wote, kama kichwa kimoja, wakamgeukia Mwalimu Chilumba, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoa alama na tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye mstari.

"Mwalimu!" mwanamke mmoja wa Chunyu akapiga kelele. "Umetuuza! Juu umewapa saba watu waone, halafu kule mwisho unawachomekea tatu!"

"Mimi nimetoa saba nukta moja," Mwalimu akasema, amesimama, "na hata hiyo moja imeniuma!"

"Aa, kumbe imekuuma!" wanawake wa Ruponda nao wakadakia. "Kumbe ulitaka kutupa saba kavu!"

Nikaona mzee wa watu anatukanwa na wilaya mbili kwa ajili ya programu yangu, nikasimama kumwokoa, na hapo ndipo nilipojizika. Nikasema, "Jamani, hakuna aliyetoa tatu. Kompyuta haihesabu kwa kumi kama sisi, inahesabu kwa mbili mbili. Sasa mnajua sisi tukigawa moja kwa tatu tunapata sifuri nukta tatu tatu tatu, haiishi. Kwa kompyuta, moja ya kumi ndiyo haiishi. Na nafasi yake ya kuandikia ni ndogo, kwa hiyo inakata pale nafasi inapoishia. Ile nane nukta nane imeiandika kubwa kidogo sana, ile saba nukta moja imeiandika ndogo kidogo sana, ilipojumlisha ikakuta jibu limeangukia katikati ya namba mbili inazozijua, ikabidi ichague moja, ikachagua ya juu." (Chuoni nililijibu swali hili kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Lilikuwa kwenye karatasi, halikuwa na ng'ombe.)

"Subiri kwanza," yule mwanamke wa Chunyu akasema. "Unasema kompyuta haijui moja ya kumi?"

"Kwa kweli… haijui kamili."

"Na wewe ukaileta ijumlishe nukta?"

Nikajifanya nakaza waya wa kipanya.

"Na kwa nini ichague ya juu kwa Ruponda," akauliza Shangazi Somoe, sasa amesogea mpaka mbele ya meza yangu, kitambaa cha jikoni begani, "na kwetu isichague chochote?"

"Alama zenu ziliangukia vizuri, shangazi. Ni bahati tu."

"Bahati," akarudia, na alilitamka kama mtu aliyekuta jiwe kwenye mchele.

Hapo mshereheshaji akanyanyua kipaza sauti, nami nikamwona usoni kwamba amekumbuka kitu, nikamkatalia kwa kichwa, nikamkatalia kwa macho, wapi. "Wandugu, hivi huyu Injinia si ndiye aliyepeleka posa kwa Mama Zaituni wa Ruponda?"

Sitaki kuwadanganya kwamba naikumbuka kelele yote iliyofuata. Nakumbuka kwamba Chunyu walianza kuimba papo hapo, "Mahari ya kompyuta! Mahari ya kompyuta!" na kwamba wimbo ulikuwa mzuri, una kiitikio, na baadhi ya watu wa Ruponda walijikuta wanaitikia. Wengine walibishana kama ile tatu ni ng'ombe watatu au ni mitamba mitatu. Mzee mmoja akasema enzi zao mahari ilipelekwa na washenga, siku hizi inapitishwa ukutani.

Mama Zaituni alikuwa amekaa muda wote, amejifunika upande wa kanga mdomoni. Akainuka. Watu wakampisha. Mimi tangu nimpeleke mshenga nilikuwa sijawahi kusimama karibu naye hivyo, na nilikuwa nimepanga siku nikisimama naye nitakuwa nimepiga magoti kwa heshima, nimeleta sukari na kanga, sio nimeshika kipanya.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Ile tatu ni yangu?"

"Ndiyo mama. Hapana mama. Yaani imekuja yenyewe."

"Iondoe. Mimi sijaipika."

Nikaikadiria jumla ibaki na tarakimu moja baada ya nukta kwanza, ndipo ilinganishwe, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo lingenichukua muda wa kupiga chafya. Ukutani pakaandikwa SARE. Nikadhani nimepona. Lakini sasa wanawake wa Ruponda, ambao kamba ya dume walikuwa wameishika kwa mikono yao, wakanigeukia wao. "Umetupa ng'ombe, umetunyang'anya ng'ombe, wewe ni mkwe au ni mchawi?" Kwa hiyo Chunyu wananidai tatu niliyoiweka, Ruponda wananidai tatu niliyoitoa, na tatu yenyewe ukiitafuta huwezi kuipima hata kwa mizani ya dhahabu.

Mtendaji akauliza kanuni ya sare inasemaje. Kanuni ya sare nilipaswa kuiandika mimi. Nilikuwa nimeandika neno SARE tu, kwa herufi kubwa, katikati, maandishi meusi. Akawaomba majaji waamue upya, kwa namba nzima safari hii. Muuguzi akakumbuka ana zamu zahanati. Mpishi wa hoteli akakumbuka moto jikoni kwake. Mwalimu Chilumba akasema yeye ameshatukanwa kwa nukta, kwa namba nzima watamzika.

"Semeni basi ni wa nani," Mzee Masanja akasema kutoka mlangoni, kamba imemchosha mkono. "Ng'ombe wangu hana nukta. Nimemleta mzima."

Mtendaji akashusha pumzi, akaniangalia, na nadhani hakukusudia kunimaliza, alikuwa amechoka tu. "Na huyu ndiye niliyemwomba awe jaji tangu mwanzo, akakataa. Akasema mashine ndiyo isiyo na lawama."

"Kumbe!" wakasema Mama Zaituni na Shangazi Somoe kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana siku nzima.

"Mleteeni sahani," akasema Mama Zaituni.

"Mbili," akasema Shangazi. "Na maji ya kunawa."

Nikanawa. Nikamega ugali wa Shangazi, nikachovya kisamvu, nikala. Nikamega wa Mama Zaituni, nikachovya, nikala. Ghala zima lilikuwa linaangalia koo langu. Kichwani nikaanza tena: nikisema Chunyu, Zaituni amekwenda, maana mama yake amesimama hapa na atabeba jibu la posa mpaka nyumbani, nikisema Ruponda, wimbo ule utaimbwa kwenye kila ngoma ya msimu, nikisema zote nzuri, wote wataniona sina ulimi. Nikamega tena kupata muda. Nikamega tena. Nikagundua kwamba ninamaliza sahani na kwamba ninayoimaliza ni moja tu.

"Ni huu," nikasema, nikaisogeza sahani ya Mama Zaituni, iliyobaki madoa ya kisamvu tu. "Shangazi, nisamehe. Korosho zako zimeshika moto kidogo chini ya sufuria. Hizi hazijashika."

Nikasubiri kupigwa. Shangazi Somoe akachukua kile kitambaa begani, akanipangusa kidevu mbele ya watu wote kama nina miaka minne.

"Zimeshika," akasema. "Nilimwacha mwenzangu akoroge, akawa anapiga picha. Mpeni Mama Zaituni ng'ombe wake." Kisha akawageukia watu wa Chunyu waliokuwa wanaanza kuguna. "Nyamazeni. Kila mtu humpendelea mkwewe, hiyo ni adabu, hata mimi nilimpendelea wangu. Lakini kuisingizia kompyuta! Mtoto una mdomo, unakodi mdomo wa chuma?"

Watu wakacheka, dume likatoka na Ruponda, Mzee Masanja akapeana mikono na watu wa pande zote mbili, na wenye ufuta ulioliwa wakamwambia yamekwisha. Yaani jambo lote lililokuwa limenitisha tangu ile simu ya Mtendaji, kusema kwa mdomo wangu ninachokipenda, lilikubalika kwa dakika moja. Kilichokuwa hakikubaliki ni hesabu yangu isiyo na upande.

Nilipofika nyumbani nilifungua programu nikairekebisha, ingawa hakuna atakayeitumia tena. Alama zote nikazizidisha kwa kumi ziwe namba nzima, themanini na nane, themanini na nane, sabini na moja, mia mbili arobaini na saba pande zote, sare ya kitoto kabisa. Nimeapa sitaiuliza tena kompyuta kama namba mbili zenye nukta ni sawasawa. Ukiuliza hivyo unajibiwa ukweli wa kompyuta, na ukweli wa kompyuta hauliwi na kisamvu.

Jibu la posa lilikuja kabla mwezi haujaisha. Mshenga alirudi anatabasamu: wamekubali, na Mama Zaituni amesema kijana ana wasiwasi mwingi lakini akila anajulikana. Nilishangilia peke yangu uani. Ndipo nikaambiwa nimjulishe Shangazi Somoe, kwa sababu kwetu sisi msafara wa mahari hautoki bila shangazi mbele.

Shangazi akasema magoti yanamuuma.

Yanamuuma hadi leo. Sokoni yanampeleka, shambani yanampeleka, arusini kwa watu yanamchezesha, ila njia ya kwenda Ruponda ndiyo yanayoikataa. Pale ghalani alinisamehe kama mtu mzima mbele za watu. Nyumbani kwake ni jambo lingine. Zaituni ananiambia kwenye simu, "Mbembeleze, ni shangazi yako." Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya sala napanda bodaboda mpaka Chunyu, ananiwekea ugali wa mtama na kisamvu cha korosho, anakaa kwenye mkeka mbele yangu, ananitazama.

"Kitamu?" ananiuliza.

"Kitamu, shangazi."

"Kitamu kuliko cha nani?"

Na mimi, mwenye shahada, natafuna polepole sana, nikiyaangalia magoti yake.